Viua Vidogo

Kabla hayajapata jina, maradhi yangu yalisifiwa.
Viua vya kofia zangu vilianza kupungua,
tundu kama punje ya mtama, kisha kama ya ufuta,
na wanunuzi wa Wete wakaziinua juani
wakasema, Bi Mkasi, sasa umefuzu.
Kofia ya elfu sitini nikaiuza tisini.
Sikujua kuwa ni mkono unaojikunja wenyewe,
unaoogopa nafasi.

Mwaka ule ule nikasema karafuu zimekosa nguvu.
Nilipita penye majamvi, njia nzima imeanikwa,
pua haikuambiwa kitu.
Nikalaumu mvua. Nikalaumu serikali.
Raya akanitazama, akanusa, akanyamaza.

Leo nina saa ya mpira mkononi,
nyeusi, haina akrabu.
Nilivishwa Chake na daktari kijana, Makame,
ihesabu kutetemeka kwangu usiku na mchana, wiki sita,
maana nikiingia kwake hutulia kama mwari
na mkono unanifanya mwongo.
Hilo kweli. Mkono wangu una adabu za ugenini.

Saa yenyewe haijui saa.
Mimi niko saa moja na uji wangu, yenyewe inasema saba.
Raya anasema ndivyo ilivyofunzwa huko ilikozaliwa.
Basi tunaishi hivyo, tunapishana saa sita,
kama mume mwenye nyumba mbili.

Kidonge saa kumi na mbili, kidonge saa sita, kidonge saa kumi.
Nafuu huja bila hodi;
hapo uzi unaingia sindanoni mara ya tatu, hata ya pili.
Kisha naisikia ikiondoka kama maji ya bomba la mtaani:
kwanza yanakohoa,
halafu hewa.

Wiki ya pili Makame akapiga simu.
Ameona kitu kwenye mistari yake.
Kila siku baada ya alfajiri, dakika saba,
kidole gumba juu ya kidole cha shahada,
mwendo mmoja, haukosi.
Nikacheka hadi nikashika ukuta.
Mwanangu, hiyo tasbihi.
Kimya. Na ile ya saa tano, kali kuliko zote?
Nazi. Nakuna nazi.
Na ya usiku wa kuamkia Ijumaa, saa nane?
Nikautazama mkono, umelala mapajani kama wa mtu mwingine.
Hiyo yenyewe, nikasema. Hiyo iandike.

Vizingiti haivijui.
Milango ya nyumba hii nimeivuka tangu harusi yangu
bila kuitazama; sasa miguu inaganda hapo
kama iliyoitwa jina.
Raya amebandika plasta nyeupe sakafuni, mstari na mstari,
nivuke mmoja, nitafute mwingine.
Watoto wa jirani wakaja kurukaruka juu yake,
wakadhani tumewachorea wao.
Saa huandika: amesimama, anapumzika.
Sipumziki.
Sijapata kufanya kazi ngumu kama kusimama pale.

Siku ya kuirudisha, Makame akatandaza karatasi mezani.
Vilima, vilima, vilima,
na Jumamosi moja, asubuhi, bonde tambarare.
Akaweka kalamu pale.
Ulikuwa umelala, mama?

Sikumjibu mara moja. Nilikuwa naufuta ule mkanda mweupe
ulioachwa na saa kwenye ngozi, kama vumbi, usitoke.
Jumamosi ile nilikaa barazani na kofia ya mchumba wa Raya,
mkono ukanirudia kama mtoto aliyekwenda dukani akachelewa,
bila kueleza alikuwa wapi.
Nilishona kiua kimoja tu kabla haujaondoka tena.
Kipana. Nikakiinua juani.
Punje ya mtama ingepita.